Jina langu limo mkatabani, lakini halimo kwenye fomu ya kodi

Mheshimiwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na sasa ninaishi Houston, katika jimbo la Texas, pamoja na mume wangu na watoto wetu watatu. Kuanzia mwanzo wa 2016 hadi mwisho wa 2021 nilikuwa muuguzi msaidizi hospitalini, nikikatwa kodi na michango kwenye mshahara kama mwajiriwa mwingine yeyote. Januari 2022 niliacha kazi hiyo ili mimi, mume wangu na mdogo wake tufungue nyumba ya kulelea wazee. Tuliandikisha LLC, yaani kampuni yenye dhima yenye kikomo, na katika mkataba wa uendeshaji imeandikwa kwamba mume na mke wanamiliki asilimia 60, na shemeji yangu asilimia 40. Sote watatu tulitia saini. Mtaji wetu sisi wawili ulitoka kwenye akiba tuliyoiweka pamoja, na sehemu kubwa ya akiba hiyo ilikuwa mishahara yangu ya zamu za usiku.

Ndani ya nyumba hiyo mimi ndiye ninayepanga zamu, ninayesimamia dawa na chakula cha wazee, na ninayezungumza na jamaa zao. Mume wangu anashughulika na magari, malipo na mikataba. Hata hivyo, kila mwaka mhasibu wa kampuni hutoa fomu mbili tu za K-1, zile za kuonyesha fungu la kila mbia, moja ya mume wangu yenye asilimia 60 na nyingine ya shemeji yenye asilimia 40. Nilipouliza nafasi yangu iko wapi, nilijibiwa kwamba kwa kuwa mimi na mume wangu tunawasilisha ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, ya pamoja, kodi itakuwa ile ile. Mume wangu, ambaye ni mtu mwema na sina nia ya kumchongea, alisema fedha zinaingia nyumba moja, sasa mimi nataka jina la nini.

Rafiki yangu anayeendesha duka la nguo na mumewe ameniambia kwamba wao walichagua utaratibu wa wanandoa, wakaachana kabisa na ritani ya ubia, na kila mmoja anaandika nusu yake. Je, nasi tunaweza? Tena, fungu letu la faida lilikuwa dola 38,000 mwaka 2022, 61,000 mwaka 2023, 78,000 mwaka 2024 na 90,000 mwaka 2025. Lakini mwaka 2025 tulichochukua mkononi ni dola 50,000 tu, kwa sababu zilizobaki zililipa mkopo wa gari na nyingine zimo kwenye akaunti ya kampuni. Kwa nini tutozwe kodi ya 90,000?

Naomba unijibu mapema, maana msimu wa ritani umekwisha anza.

Mbia asiye na fomu,
Houston

*

Dada yangu,

Marahaba. Nakujibu mapema kama ulivyoomba, na utaona mbele kwamba katika jambo lako kuna tarehe moja ambayo ikikupita hairudi.

Nianze na mhasibu wenu, kwa sababu alichosema kina ukweli, ingawa ni nusu yake. Ubia wenyewe haulipi kodi ya mapato Marekani. Huwasilisha Fomu 1065 kueleza faida, kisha kila mbia hupewa K-1 inayoonyesha fungu lake, na yeye ndiye anayelipa kodi ya fungu hilo katika ritani yake binafsi. Kwa wanandoa wanaowasilisha ritani ya pamoja, fungu la mume na la mke huingia katika Jedwali E la ritani hiyo moja, na kodi ya mapato haibadiliki hata senti. Kodi ya kujiajiri nayo, yaani michango ambayo aliyejiajiri hujilipia mwenyewe, kwa kiwango chenu jumla yake haibadiliki. Kwa dola 90,000 zikiwa zote za mume wako, unachukua asilimia 92.35, unapata 83,115, unatoza asilimia 15.3, na jibu ni kama dola 12,717. Mkigawana 45,000 kwa 45,000, kila mmoja atalipa kama 6,358, na jumla ni ile ile. Kwa macho ya mtu anayetazama hundi ya mwisho tu, hakuna kilichopotea.

Kilichopotea kiko mahali pengine. Kodi ya kujiajiri, tofauti na kodi ya mapato, ina mwenyewe. Asilimia 12.4 kati ya ile 15.3 ni mchango wa Hifadhi ya Jamii, na mchango huo huandikwa kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja kwa namba yake. Ndiyo maana hata katika ritani ya pamoja kila mwanandoa aliyejiajiri anatakiwa kujaza Jedwali SE, fomu ya kodi hiyo, lake mwenyewe. Kwa miaka minne umefanya kazi, faida imepatikana, mchango umelipwa, na kila dola ya mchango huo imeandikwa kwa mume wako. Kumbukumbu yako wewe, kwa 2022, 2023 na 2024, inaonyesha sifuri, na 2025 itakuwa sifuri vilevile msiporekebisha jambo.

Tuhesabu sifuri hizo zina uzito gani. Ili mtu astahili pensheni ya uzeeni ya Hifadhi ya Jamii kwa jina lake anahitaji krediti 40, na kwa mwaka mmoja hawezi kupata zaidi ya nne. Kwa 2025, krediti moja ilikuwa mapato ya dola 1,810, yaani dola 7,240 zilitosha kupata zote nne. Wewe ulifanya kazi miaka sita kamili, 2016 hadi 2021, kwa hiyo bila shaka una krediti 24. Zimebaki 16. Miaka minne ya nyumba yenu ya wazee, kwa krediti nne kila mwaka, ni 16. Kama nusu ya fungu lenu ingeandikwa kwa namba yako tangu mwanzo, hata nusu ya ule mwaka mdogo wa 2022, ambayo ni dola 19,000, sasa hivi ungekuwa umefikisha 40.

Mumeo anaweza kusema kwamba mke hulipwa pensheni kupitia kumbukumbu ya mume, na ni kweli: hufikia hadi nusu ya kiwango cha mume, na mjane hupata zaidi ya hapo. Lakini kuna ulinzi mmoja ambao mke hawezi kuupata kupitia mume aliye hai, nao ni malipo ya ulemavu. Ukiumia mgongo kwa kumwinua mzee, ukashindwa kufanya kazi tena, malipo hayo hutolewa kwa kumbukumbu yako. Kwa mtu aliyevuka miaka 31, kanuni ya kawaida hudai awe na krediti 20 zilizopatikana ndani ya miaka 10 iliyotangulia ulemavu. Kwa kuwa krediti zako za mwisho ni za 2021, ulinzi wako unakwisha Desemba 31, 2026. Nani kati yenu watatu anayeinua wazee kila siku?

Sasa swali la msingi: je, ninyi ni mbia mmoja au wabia wawili? Maelekezo ya Fomu 1065 yanasema kwamba mume na mke wakiwa kila mmoja na fungu lake katika ubia, kila mmoja aandaliwe K-1 yake. Wakiwa wanashikilia fungu moja kwa pamoja, wataandaliwa K-1 moja ikiwa wawili hao wanahesabiwa kuwa mbia mmoja. Kwa hiyo K-1 moja si kosa kwa kila hali, na sitamhukumu mhasibu wenu kwa kuitoa moja. Kosa ninaloliona mimi ni kwamba hiyo moja ina jina la mume peke yake, kana kwamba saini yako haimo mkatabani.

Sheria ya Marekani hutazama ukweli wa mambo kabla ya majina. Mwaka 1946, katika shauri la Tower, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikataa kumtambua mke kuwa mbia kwa ajili ya kodi, kwa sababu mumewe alimpa hisa ili mapato yagawanyike kwenye karatasi tu, huku mke hana mchango wala usemi katika biashara. Miaka mitatu baadaye, katika shauri la Culbertson, mahakama hiyohiyo ilieleza kipimo: je, watu hawa, kwa nia njema na kwa kusudi la kibiashara, walikusudia kuungana kuendesha shughuli pamoja? Ukiupima ubia wenu kwa kipimo hicho, jibu liko wazi. Ulitoa mtaji, ulitia saini, unafanya kazi kila siku na unafanya maamuzi. Hali yako ni kinyume kabisa cha yule mke wa 1946, ambaye alikuwa na jina bila kazi. Kwa maoni yangu ninyi ni wabia wawili, na K-1 zinapaswa kuwa tatu. Kwa kuwa mkataba hautaji mgawanyo kati yako na mumeo, asilimia 30 kwa 30 ndio usomaji wa kawaida, lakini sentensi ile ya "mume na mke wanamiliki asilimia 60" ina ulegevu, na ningependa mwandike marekebisho yanayotaja wazi 30, 30 na 40. Marekebisho hayo yathibitishe hali iliyokuwapo tangu 2022. Msijaribu kuyafanya yaonekane kana kwamba wewe umeingia leo na tarehe imerudishwa nyuma, kwa sababu mtu hawezi kugawiwa faida ya mwaka uliopita ambao hakuwa mbia.

Kwa ritani ya 2025 bado mna nafasi. Fomu 1065 kwa kawaida hutakiwa Machi 15, na kwa kuwa mwaka huu tarehe hiyo ni Jumapili, mwisho ni Jumatatu, Machi 16, 2026. Kama mhasibu hajaiwasilisha, atoe K-1 tatu, na katika kisanduku cha 14, ambacho ndicho cha mapato ya kujiajiri, wewe na mumeo kila mmoja awe na kiasi chake. Kama ameshaiwasilisha, anaweza kuwasilisha nyingine kabla ya tarehe ya mwisho nayo ikachukua nafasi ya ile ya kwanza. Akihitaji muda, aombe nyongeza kwa Fomu 7004, ambayo inawafikisha Septemba 15. Msikae kimya mkachelewa, kwa kuwa faini ya ubia kwa ritani za mwaka huu ni dola 255 kwa kila mbia kwa kila mwezi, hadi miezi 12. Kwa wabia watatu hiyo ni 765 kwa mwezi. Upo msamaha kwa ubia mdogo wa watu wasiozidi 10 ambao wote wametangaza mafungu yao kwa wakati, na katika hesabu ya msamaha huo mume na mke huhesabiwa kuwa mtu mmoja, lakini sipendi mtu apange safari yake kwa kutegemea msamaha. Tena, nyongeza ya muda wa kuwasilisha haiongezi muda wa kulipa, na kodi yenu binafsi inadaiwa Aprili 15 hata kama karatasi zinasubiri.

Miaka iliyopita ndiyo inayonitia haraka. Hifadhi ya Jamii hukubali mapato ya kujiajiri yaandikwe kwenye kumbukumbu ya mtu ikiwa ritani inayoyaonyesha imewasilishwa ndani ya miaka 3, miezi 3 na siku 15 tangu mwisho wa mwaka yalipopatikana. Kwa mapato ya 2022, muda huo unakwisha Aprili 15, 2026. Ya 2023 yana muda hadi Aprili 15, 2027, na ya 2024 hadi Aprili 15, 2028. Ukikosa ya 2022, utabaki na krediti 36 badala ya 40, na itakubidi upate krediti nne za mwaka mwingine ili kufidia.

Njia ya kurekebisha inategemea jambo moja ambalo ni lazima umwulize mhasibu kwa maneno haya haya: je, katika ritani za 2022, 2023 na 2024 aliambatanisha Jedwali B-2? Tangu miaka ya kodi ya 2018 upo utaratibu mpya wa ukaguzi wa ubia, na ubia mdogo wa watu binafsi kama wenu huruhusiwa kujitoa kila mwaka kwa kutumia jedwali hilo. Kama mlijitoa, ubia unarekebisha Fomu 1065 na K-1 zake kwa njia ya kawaida, kisha ninyi wawili mnawasilisha Fomu 1040-X, ambayo ni ya kurekebisha ritani binafsi, yenye Majedwali SE mawili. Kama hamkujitoa, K-1 haziwezi kubadilishwa hivi hivi baada ya tarehe ya mwisho. Ubia hulazimika kuwasilisha ombi rasmi la marekebisho, na ombi hilo lina mwisho wa miaka mitatu tangu ritani ilipowasilishwa au ilipopaswa kuwasilishwa, kutegemea ipi ilikuwa ya baadaye. Kwa ritani ya 2022, kama iliwasilishwa bila nyongeza ya muda, hiyo ni Machi hii hii. Msithubutu kugawa mapato katika ritani yenu binafsi tofauti na K-1 mliyopewa bila kueleza, maana mbia anayetofautiana na ubia wake anatakiwa kuitangaza tofauti hiyo kwa Fomu 8082. Kazi hii ifanywe na mhasibu mwenye leseni aliyezoea ubia, hata kama si yule mliye naye sasa. Kwa kuwa kinachopungua kwa mumeo ndicho kinachoongezeka kwako, jumla ya kodi ya miaka hiyo haitegemewi kubadilika.

Kuhusu rafiki yako wa duka la nguo, utaratibu anaousema upo. Uliingia katika sheria mwaka 2007, na unawaruhusu mume na mke wanaoendesha biashara pamoja waachane na Fomu 1065, kila mmoja akajaza Jedwali C, lile la faida ya biashara ya mtu binafsi, na Jedwali SE lake. Lakini masharti yake ni kwamba wenye biashara wawe mume na mke tu, wote wawili washiriki kazini kwa dhati, wawasilishe ritani ya pamoja, na kwa msimamo wa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, biashara isiwe chini ya LLC. Katika majimbo ya mali ya pamoja ya ndoa, Texas ikiwa mojawapo kati ya tisa, LLC inayomilikiwa na wanandoa peke yao ina mlango wa pembeni. Ninyi mlango huo haupo, kwa sababu shemeji yako yumo na asilimia 40 zake. Akiwamo mtu wa tatu, hata akiwa na asilimia moja, ni ubia, na Fomu 1065 ni lazima.

Na kwa kuwa nimeitaja Texas, usikubali mtu akuambie kwamba sheria ya mali ya pamoja inakutosha. Ni kweli kwamba mapato ya ndoa katika majimbo hayo huhesabiwa nusu kwa nusu kwa kodi ya mapato ikiwa wanandoa wanawasilisha ritani mbalimbali. Mahakama Kuu iliamua hivyo mwaka 1930 katika shauri la Seaborn, lililotoka jimbo la Washington. Lakini kwa kodi ya kujiajiri sheria inasema wazi kwamba fungu la mbia ni la mbia mwenyewe, na mwenzi wake hapewi sehemu kwa sababu ya ndoa tu. Ndiyo maana jina kwenye K-1 lina maana kuliko mumeo anavyodhani.

Ipo gharama moja ambayo itawafikia biashara ikikua, na si haki niifiche. Mchango wa asilimia 12.4 una kikomo kwa kila mtu, ambacho kwa 2025 kilikuwa dola 176,100. Fungu lenu likifika, tuseme, dola 240,000, mtu mmoja akilibeba lote atalipa kodi ya kujiajiri kama dola 28,264, lakini mkigawana nusu kwa nusu mtalipa jumla ya kama 33,911, kwa kuwa kila mmoja yuko chini ya kikomo chake. Ni tofauti ya zaidi ya dola 5,600 kwa mwaka. Bado hamjafika huko. Na mkifika, ukweli wa nani ni mbia hautabadilika kwa sababu ya bei yake.

Swali la dola 90,000 na 50,000 lina jibu fupi. Mbia hutozwa kwa fungu lake la faida, awe amelichukua au ameliacha, na marejesho ya mkopo wa gari hayapunguzi faida, isipokuwa riba yake na uchakavu wa gari lenyewe. Zile 40,000 mlizoziacha hazikupotea kikodi. Zinaongeza kiasi mnachohesabiwa kuwa mmewekeza, na siku mtakapozichukua hamtatozwa tena. Hesabu hiyo ya uwekezaji wa kila mbia inapaswa kuwekwa mwaka hadi mwaka, yako na ya mumeo kila moja mbali. Mali bila daftari huisha bila habari. Mkirekebisha mkataba, ongezeni kifungu kinachoitaka kampuni iwagawie wabia angalau fedha za kutosha kulipa kodi ya mafungu yao kabla ya zile tarehe nne za malipo ya awali, yaani Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15. Shemeji yako atakiunga mkono, kwa sababu naye bila shaka anatoa kodi mfukoni.

Kwa mumeo, nisingeanza na neno "jina". Unapotia saini ritani ya pamoja, wewe na yeye kila mmoja anadaiwa kodi yote iliyomo, kwa hiyo tayari unabeba deni la ubia ambao fomu zake hazikutaji. Lakini hata hilo ningeliweka kando kwanza. Kila mmoja wenu afungue taarifa ya mapato yake kwenye tovuti ya Hifadhi ya Jamii, mziweke mbili hizo mezani mkitazama safu ya miaka. Yake itakuwa imejaa. Yako itakuwa na namba hadi 2021, kisha sifuri inaanza. Mwonyeshe sifuri ya 2022, umwambie kwamba hiyo inafungwa Aprili 15, halafu mpigieni mhasibu simu pamoja mkiulizia Jedwali B-2.